Simu ni kadi moja, saa ni kadi nyingine: kwa wanaolipia nauli, manunuzi na pointi kwa kugusisha

Binti Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie. Nauandika kwa ajili ya wenzetu wanaokuja Uingereza kwa kazi za uuguzi na kutunza wazee. Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa kazini, aliyefika karibuni kutoka Dar, alinionyesha taarifa yake ya benki akauliza mbona nauli ya siku moja imekatwa mara mbili. Nilipoisoma nikaona ni kosa lilelile nililolifanya mimi, na mimi sikuwa na mtu wa kunieleza.

Nilikuwa na saa mkononi na simu mfukoni, zote nimeziwekea kadi moja ya benki. Kichwani nilijua kadi ni moja, akaunti ni moja, basi nikigusisha hii au ile kwenye mashine ya kulipia ni mimi yuleyule. Siku hiyo nilipanda basi mara tano hapa London, na kila nilipopanda ilikuwa imepita zaidi ya saa moja tangu safari iliyotangulia. Mara tatu za mwanzo niligusisha saa. Jioni mvua ikaanza, nimevaa koti zito na glavu, saa imefunikwa, nikatoa simu mara mbili. Nauli ya basi mwaka huo wa 2025 ilikuwa paundi 1.75, na kikomo cha siku kwa anayepanda mabasi peke yake paundi 5.25. Maana yake ukishalipia safari tatu, zinazofuata siku hiyo ni bure. Kesho yake nikakuta makato mawili: 5.25, na chini yake 3.50. Jumla 8.75. Mfumo haukukosea kitu, ulikuwa umeona abiria wawili.

Nieleze kwa nini, kwa sababu ukilielewa hili mengine yanajipanga yenyewe.

Sisi tumekulia kwenye M-Pesa na ndugu zake. Tangu ilipoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, tumezoea kwamba namba ya simu ndiyo akaunti. Simu ikivunjika kioo unachomoa laini, unaiweka kwenye kiswaswadu cha jirani, unapiga menyu, salio liko palepale. Pesa inafuata laini, kifaa ni chombo tu. Apple Pay na Google Wallet, programu za kulipia kwa simu au saa, zimejengwa kinyume cha hapo. Pesa haitoki benki. Unapoingiza kadi kwenye simu, mtandao wa kadi na benki yako wanatoa namba mbadala ya kifaa kile peke yake. Ukiingiza kadi hiyohiyo kwenye saa, saa nayo inapewa yake. Kadi yenyewe ya plastiki inabaki na namba iliyochapwa juu yake. Namba tatu, akaunti moja. Na mashine ya njano ya kwenye basi haijui jina lako wala akaunti yako, inahesabu kwa ile namba iliyogusishwa.

Ukitaka kuhakikisha, fungua maelezo ya kadi ndani ya Wallet, utaona tarakimu nne za mwisho za kifaa. Zilinganishe na za kwenye plastiki. Hazifanani.

Mpango huu una faida kubwa na siubezi hata kidogo. Duka haliipati namba halisi ya kadi yako. Simu ikiibiwa benki inaifuta namba ya simu hiyo tu, nawe unaendelea kula kwa plastiki. Shida inakuja pale ambapo kuna kuhesabu.

Kwenye basi umepata hasara ndogo, kwenye treni za chini ya ardhi inauma zaidi. Kule unagusisha ukiingia na ukitoka. Ukiingia Barking kwa saa na kutokea Westminster kwa simu, mfumo unaona mtu mmoja aliyeingia asitoke na mwingine aliyetoka bila kuingia. Kila mmoja anatozwa nauli ya juu kabisa. Wanaobadilisha treni bila kupita katikati ya mji wanakuta mashine za rangi ya waridi katika stesheni kama Stratford au Highbury & Islington, na hizo pia zinataka kifaa kilekile ili zikupunguzie nauli. Hata ile fursa ya kupanda mabasi mengine bure ndani ya saa moja tangu ugusishe la kwanza inapotea ukibadili kifaa njiani.

Kwa hiyo mimi nimejiwekea utaratibu: nauli ni saa tu. Simu ni ya dukani. Nikiwa na koti zito naikunja mikono, hata kama nyuma kuna foleni.

Na jambo hilihili likanisaidia shangazi aliponitembelea. Hapa kadi moja haiwezi kuwapitisha watu wawili getini, kila abiria lazima awe na yake. Shangazi nikampa plastiki, mimi nikabaki na saa. Makato yote yametoka akaunti yangu, lakini kila mtu alihesabiwa peke yake na kikomo chake. Siku ya kwanza alikuwa ananishika bega kila tunapofika getini, siku ya tatu akawa ananitangulia.

Sasa kadi za pointi. Zamani pochi yangu ilikuwa haifungiki kwa kadi za maduka. Tesco walianza Clubcard mwaka 1995, na leo bei mbili zinaandikwa rafuni: ya mwenye kadi na ya asiye nayo. Tofauti kwa mtu anayenunua chakula cha familia si ya kuidharau. Hizo kadi zinaingia kwenye simu kama picha ya msimbo, na hazihusiani na malipo. Wengi wanachanganya hapa. Unagusisha kulipa, halafu unashangaa pointi hazijaingia. Kwa maduka mengi ni hatua mbili: kwanza unaonyesha msimbo usomwe, halafu unalipa.

Msimbo kwenye saa unanisumbua, niseme ukweli. Kioo ni kidogo, na lazima uupinde mkono kuelekea mashine iliyosimikwa kwa ajili ya makopo na mikate. Kwenye duka dogo lenye kile kisomeo cha mstari mwekundu, kioo cha simu au saa mara nyingi hakisomeki kabisa, kwa sababu taa ile inategemea kurudishwa na karatasi. Ongeza mwanga wa kioo, ukishindwa msomee muuzaji namba iliyo chini ya msimbo.

Niishie hapa kwa sasa, ya tiketi za ndege nitarudi. Karibuni mchangie.

Kijana wa Tandika

Dada umeeleza vizuri sana, asante. Mimi niko Dar, simu ninayo yenye NFC, ile ya kugusisha, lakini sijawahi kuitumia kulipa. Swali langu: lazima uwe na bando? Ukiwa chini ya ardhi hakuna mtandao, inakuwaje?

Fundi Simu Msimbazi

Nijibu hili maana ndiyo kazi yangu.

Kugusisha hakuhitaji intaneti kwenye simu yako wakati ule. NFC ni redio ya masafa mafupi mno, megahezi 13.56, na inafanya kazi umbali wa sentimita kama 4 tu. Mashine ndiyo inayotoa nguvu na kuuliza, simu inajibu. Kinachojibiwa ni ile namba mbadala aliyoitaja dada pamoja na saini ya siri inayobadilika kila muamala. Ndiyo maana mtu akiinasa leo, kesho haimfai kitu.

Tofauti ni mahali siri inapokaa. Kwenye iPhone na Apple Watch iko ndani ya chipu maalum iliyofungwa. Google wao, tangu Android 4.4 ya mwaka 2013, waliruhusu programu yenyewe iigize kadi, na funguo za matumizi machache zinashushwa kutoka mtandaoni. Kwa hiyo Android bila intaneti inalipa mara kadhaa, lakini ukikaa muda mrefu bila kuunganisha itakugomea mpaka ishushe nyingine. Saa haihitaji simu iwe karibu, unaweza kuiacha simu nyumbani ukaenda kununua mkate.

Kwetu Lipa Namba, ile ya kumlipa muuzaji kwa menyu ya simu, ni kinyume chake: wewe ndiye unayesukuma pesa kwenda kwa muuzaji, kwa hiyo mtandao wako ukikata umekwama hata kama salio limejaa. Nawaambia wateja wangu kila siku, hiyo si simu mbovu.

Mpwani Nairobi

Hamjambo. Nimeusoma uzi huu nikakumbuka BebaPay. Wakenya wa umri wangu wanaijua: mwaka 2013 Google pamoja na Equity Bank walileta kadi ya kugusisha kwenye matatu. Kadi ilikuwa ya bure, mtu unajaza pesa, unagusisha kwa simu aliyoshika makanga. Halafu 2014 serikali ikataka magari yote yaache pesa taslimu, tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Mapema 2015 BebaPay ikafungwa.

Mimi nilikuwa nayo na niliipenda. Lakini lazima nieleze ilivyokuwa barabarani. Nauli ya matatu haikai mahali pamoja: mvua ikinyesha inapanda, saa sita mchana inashuka, mtu wa kila siku anapunguziwa. Tena mwenye gari alitaka kuona kila shilingi, na dereva na makanga wake maisha yao yalikuwa kwenye kile kinachobaki baada ya kumpelekea tajiri hesabu ya siku. Ukiweka kadi pale umegusa sahani ya mtu. Abiria naye alikuwa na M-Pesa tayari, akauliza kadi ya nini.

Kigali walifaulu. Tap&Go ya AC Group ilianza mwishoni mwa 2015, na kule mabasi yalikuwa yameshapangwa kwa kampuni na njia maalum, nauli imewekwa na mamlaka. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti, teknolojia ilikuwa ileile. Hivyo vikomo vya siku mnavyovieleza vinahitaji mtu mmoja anayekusanya nauli zote za mji. Nairobi hatuna.

Kijana wa Tandika

Kweli kaka. Sisi N-Card tunagusisha kwenye kivuko cha Kigamboni na kuingilia uwanja wa Mkapa siku ya mechi. Kadi ikisahaulika nyumbani foleni unaijua. Ningefurahi sana siku ile kadi ikiingia kwenye simu.

Mama Pacha NY

Dada Binti Pangani, ningekuwa nimeuona uzi huu miaka miwili iliyopita ningeokoa pesa! New York ni vilevile. OMNY, mfumo wa huku wa kugusisha nauli, ilianza 2019, na hesabu yake ni ya siku 7: kwa nauli za 2025, ukishalipa dola 34 kwa kifaa kimoja, safari zinazofuata ndani ya hizo siku 7 ni bure. Mimi nilikuwa nikienda kazini kwa simu, narudi kwa saa kwa sababu jioni nimebeba watoto. Nilikuwa nafikisha nusu hapa, nusu kule, na kikomo sikifikii hata siku moja. Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyenifungua macho.

Afadhali hapa hatugusishi tukitoka. Na sasa kukwepa ni vigumu, kadi ile ya njano, MetroCard, iliacha kuuzwa mwisho wa Desemba 2025.

Swali: simu ikizima kwa chaji ukiwa ndani ya treni huko kwenu unatokaje?

Binti Pangani

Pole dada, hapo umepoteza nauli za wiki nyingi.

Chaji ni jambo zito kwetu tunaotoka zamu ya usiku. iPhone kuanzia XS ina akiba: ikishaonyesha kwamba inahitaji kuchajiwa, kadi uliyoichagua kwa ajili ya safari inaendelea kugusika kwa muda usiozidi saa 5. Lakini lazima uwe umeichagua mapema kwenye mipangilio, na simu iwe imezima yenyewe kwa njaa ya chaji, si wewe kuizima. Njia hiyo ya safari ndiyo pia inayokuwezesha kupita getini bila uso wala kidole. Chagua kadi moja tu hapo, na kwenye saa fanya hivyohivyo.

Kifaa kikizima kabisa hapa London hakuna wa kukuhurumia. Usipogusisha kutoka unatozwa nauli ya juu. Mkaguzi akikukuta ndani ya treni anataka kukigusa kile kifaa ulichoingilia, na ukishindwa kukionyesha kikiwa hai unahesabiwa huna tiketi. Faini tangu Machi 2024 ni paundi 100, nusu yake ukilipa ndani ya siku 21. Mimi natembea na kibenki cha chaji kidogo kama kipande cha sabuni. Na jiandikishe kwenye akaunti ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, ongeza kila kifaa, ili safari iliyokatika uione na uiombee marejesho. Mimi nimerudishiwa kwa njia hiyo.

Wenye watoto wa miaka 11 hadi 15, msiwagusishie simu yenu. Mashine inamtoza nauli ya mtu mzima. Waombeeni Zip Oyster, kadi ya nauli ya watoto, ambayo ni ya plastiki. Vilevile punguzo la kadi za treni (Railcard), ile theluthi moja saa zisizo na msongamano, linapakiwa kwenye Oyster, kadi ya kujaza nauli ya London, haliingii kwenye kadi ya benki wala kwenye simu. Kuna wanafunzi wetu wengi wana kadi ya treni mfukoni na wanagusisha simu kwa nauli kamili kila siku, wakiamini simu ndiyo ya kisasa zaidi. Inanisikitisha, kwa sababu hao ndio wenye pesa kidogo.

Fundi Simu Msimbazi

Niongeze la kurudishiwa hela, lilimkuta ndugu yangu. Alinunua viatu kwa saa. Havikumtosha, akavirudisha na kadi ya plastiki. Muuzaji akalinganisha tarakimu nne za risiti na za kadi, akamwambia hii si kadi uliyolipia. Wakabishana nusu saa. Ilimbidi agusishe saa ileile ndipo pesa ikarudi. Kwa hiyo kabla hujauza simu ya zamani au kuifuta, hakikisha hakuna bidhaa unayotarajia kuirudisha.

Msafiri Mtulivu

Naogopa wizi. London simu zinakwapuliwa na vijana wa baiskeli za umeme. Si watamaliza pesa zangu zote?

Binti Pangani

Hofu yako ni ya haki, mwenzetu mmoja amekwapuliwa nje ya stesheni mchana kweupe.

Kulipa dukani kwa simu kunahitaji uso, kidole au namba ya siri. Ndiyo maana simu inaruhusiwa kupita kile kiwango cha kadi ya plastiki, ambacho Oktoba 2021 kilipandishwa kuwa paundi 100. Saa ikivuliwa mkononi inajifunga. Ukiibiwa ingia mara moja kwenye simu ya rafiki, weka alama kwamba imepotea, malipo yanasimama. Hatari yenyewe ni mtu aliyekuchungulia unapoandika namba ya siri kabla ya kukwapua. Washa ulinzi wa kifaa kilichoibiwa, umo kwenye iPhone tangu toleo la 17.3 la Januari 2024. Na usiandike namba ya siri ukiwa umesimama mlangoni mwa treni.

Lakini kinachowamaliza watu wetu hakianzii mtaani. Unaletewa ujumbe kwamba kifurushi chako kimekwama, lipa senti kidogo. Unaingiza kadi. Baada ya dakika benki inakutumia namba ya uthibitisho, na ukurasa ule unakuomba uiandike. Soma ujumbe wa benki mpaka mwisho: umeandikwa kwamba namba ile ni ya kuingiza kadi kwenye Apple Pay au Google. Ukiitoa, mwizi anapata namba mbadala ya simu yake, kadi yako iko mfukoni mwake na wewe hujapoteza hata kitambaa. Nawasihi, waambieni wazazi pia.

Nimeahidi ya ndege. Tiketi ya kupandia ikiwa kwenye Wallet ni nzuri kwa sababu geti likibadilika mara nyingi inajisahihisha. Shirika la ndege la Ryanair tangu 12 Novemba 2025 wanataka ya simu. Kwa safari ya kwenda nyumbani, wenye safari za kuunganisha, mara nyingi kaunta wanataka kuona pasipoti na viza kwanza, kwa hiyo usishangae simu ikikunyima tiketi mapema. Ukishaipata, piga picha ya kioo. Mimi huomba na karatasi, naikunja ndani ya pasipoti, kwa sababu safari ya saa nyingi na watoto wanaotaka katuni inamaliza simu yoyote.

Kijana wa Tandika

Dada, la mwisho. Mjomba wangu, miaka 64, anakuja huko mwezi wa nane kwa wiki mbili. Hana saa wala simu ya kulipia, ana kadi ya Visa ya benki ya hapa Dar. Akate Oyster au afanyeje? Nasikia wazee wanasafiri bure.

Binti Pangani

Ile ya bure ya miaka 60 ni ya wakazi wa London, mjomba haimhusu.

Atazame kadi yake kama ina alama ya mawimbi manne. Kama ipo, aigusishe moja kwa moja, kikomo cha siku anakipata kama sisi. Kabla hajaondoka aulize benki mambo mawili: kadi imefunguliwa kutumika nje ya nchi, na makato ya kubadili fedha ni kiasi gani kwa muamala. London hujumlisha safari za siku kuwa kato moja, kwa hiyo hata benki ikiwa na ada kwa kila muamala haitamkata kila akipanda basi. Ikiwa makato ni makubwa, ajaze Oyster kwa fedha taslimu.

Akitua Heathrow asipande treni ya Heathrow Express kwa kufuata mabango, ni ghali na haimo kwenye kikomo. Apande treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly, na akitoka agusishe kadi ileile aliyoingilia. Akiniambia saa anayofika nitampokea stesheni.